Kadi Mpya, Mchezo Uleule Unaokwama: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa

Malalamiko huja karibu kwa maneno yaleyale. Mteja ametoa kadi ya grafiki ya zamani, ameweka mpya iliyommalizia akiba ya miezi kadhaa, amewasha mchezo usiku huohuo, na fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zimebaki palepale au zimeshuka. Wa mwisho kuniletea shauri la namna hii hapa Arusha alikuwa kijana aliyepanda basi kutoka Moshi, mwendo wa kilomita zipatazo 80, akiwa amepakata kompyuta mapajani kwa sababu hakutaka iwekwe kwenye buti. Alikuwa ametoa GTX 1050 Ti ya Nvidia na kuweka RX 6600 ya AMD, kadi ambayo kwa haki yake inapaswa kumpa zaidi ya mara mbili ya alichokuwa nacho, lakini mchezo wake wa mpira ulikatika zaidi kuliko zamani. Njiani alikuwa ameshaamua kwamba ameuziwa kadi mbovu, na kadi haikuwa na kosa lolote.

Kinachosahaulika ni kwamba kadi dhaifu huficha udhaifu wa kila kitu kilichoizunguka. Prosesa iliyochoka, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) isiyotosha, pawa saplai ya kubahatisha, vyote hivyo vilikuwa vikipata nafasi ya kupumzika huku vikiisubiri kadi ya zamani imalize kazi yake. Kadi mpya ikija, hakuna tena wa kusubiriwa, na kila kiungo hujulikana nguvu zake. Kwa sababu hiyo nimezipanga hatua hizi kuanzia zisizogharimu chochote hadi zinazohitaji fedha, na ninaomba zifuatwe kwa mpangilio huo, jambo moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa anayebadilisha mambo manne kwa mkupuo hata akifanikiwa hatajua ni lipi lililomponya.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa

Pakua programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo. Zote mbili ni za bure, nazo huandika takwimu pembeni mwa skrini wakati mchezo ukiendelea. Weka zionekane fremu kwa sekunde, asilimia ya matumizi ya kadi, kasi ya saa ya kadi, nyuzijoto zake, kiasi cha kumbukumbu ya kadi kilichotumika, RAM iliyotumika, na matumizi ya kila kiini cha prosesa peke yake badala ya jumla. Kisha chagua sehemu moja ya mchezo unayoweza kuirudia bila tofauti kubwa. GTA V, kwa mfano, ina kipimo chake cha ndani kinachopita njia ileile kila mara. Kwa mchezo wa mpira, cheza mechi kati ya timu zilezile kwenye uwanja uleule. Cheza dakika kumi, andika tarakimu kwenye daftari, na usifute.

Wastani wa fremu peke yake hudanganya. Mchezo unaotoa fremu 60 kwa sekunde huipa kila fremu takriban milisekunde 16.7. Ikiwa fremu moja kati ya hizo itachukua milisekunde 100, jicho litaona mkwamo dhahiri, ilhali wastani utaendelea kusoma tarakimu ya kupendeza. Kwa hiyo iwashe pia ile tarakimu ya asilimia moja ya fremu za chini kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo inayosema kile ambacho mkono wako unakihisi.

Jambo lingine la kuzingatia kabla hujahangaika ni kwamba baada ya kubadilisha kadi au draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), michezo mingi ya kisasa hulazimika kutayarisha upya mahesabu ya michoro yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa ajili ya kadi ya zamani. Kipindi hicho mchezo hukwama kila unapoingia sehemu mpya, kisha hali hutulia yenyewe. Usitoe hukumu kabla ya kucheza angalau nusu saa, na kama mchezo unaonyesha kwamba unatayarisha mahesabu hayo mwanzoni, uache umalize.

Hatua ya pili: ukaguzi wa dakika tano

Tazama nyuma ya kompyuta. Kebo ya monita inatakiwa ichomekwe kwenye kadi mpya yenyewe, chini, penye matundu yaliyolala, wala si kwenye ubao mama, juu, karibu na matundu ya USB. Kosa hili linaonekana la kitoto lakini limewapata watu wazima wenye shahada, hasa kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika ambazo prosesa zake zina grafiki ya ndani. Picha hutokea vizuri, kompyuta hufanya kazi, na hakuna onyo lolote, huku mchezo ukiwa unaendeshwa na grafiki ya ndani, au picha ikitoka kwenye kadi na kuzungushwa kupitia ubao mama kabla ya kufika kwenye monita.

Wapo pia wenye monita za mtumba zenye tundu la VGA pekee. Kadi za miaka ya karibuni hazitoi tena VGA, hivyo mtu hununua adapta, na adapta nyingi za namna hiyo huishia hezi 60, yaani monita kubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Mwenye monita ya hezi 144 naye huenda ameichomeka vizuri lakini Windows bado inaiendesha kwa hezi 60. Fungua mipangilio ya skrini, ingia sehemu ya hali ya juu, na uchague hezi unazostahili. Ikiwa hezi 144 hazionekani kwenye orodha, tumia kebo ya DisplayPort badala ya HDMI ya zamani.

Kisha tafuta vizuizi ulivyojiwekea mwenyewe na kuvisahau. Tarakimu za fremu zinazosimama kabisa kwenye 30 au 60 bila kutikisika haziashirii udhaifu. Kuna kitu kimeziamuru zisimame. Angalia V-Sync (mpangilio unaozifunga fremu zifuate hezi za monita) ndani ya mchezo, kikomo cha fremu ndani ya paneli ya Nvidia, au Radeon Chill kwenye programu ya AMD. Angalia pia mpango wa umeme wa Windows usiwe kwenye kubana matumizi.

Hatua ya tatu: nani anamsubiri nani

Hapa ndipo penye kiini cha shauri zima, na anayepaelewa anaweza kuziruka hatua kadhaa zinazofuata bila hasara. Kazi ya kutengeneza fremu moja hugawanywa kati ya wawili. Prosesa huamua nani yuko wapi, mpira umeruka kwa pembe gani, mlinzi anakimbilia upande upi, kisha huikabidhi kadi maelekezo ya nini cha kuchora. Kadi huchora. Mtu aliyewahi kusimama kwenye ujenzi anaujua uhusiano huu: mwashi hodari atasimama na mwiko mkononi ikiwa saidia fundi hajaleta zege, na kumwongezea mwashi ujira hakutaujenga ukuta haraka zaidi.

Rudi kwenye daftari lako. Ikiwa matumizi ya kadi yalikuwa kati ya asilimia 95 na 100 muda wote, kadi inafanya kazi kwa uwezo wake wote, na kama fremu bado ni chache kuliko inavyotarajiwa kwa kadi ya aina hiyo, tatizo liko kwenye joto, umeme, sloti au uhalali wa kadi yenyewe. Ikiwa matumizi ya kadi yalikuwa asilimia 40 au 60, na hakuna kikomo cha fremu ulichokiweka, basi kadi inasubiri, na unatakiwa umtafute anayesubiriwa.

Tahadhari moja: jumla ya matumizi ya prosesa inayoonyeshwa na Windows haikusaidii hapa. Prosesa yenye viini sita ambayo kiini chake kimoja kimejaa hadi pomoni huku vingine vimelala itasoma takriban asilimia 17 kwa jumla, na mwenye kompyuta ataapa kwamba prosesa yake haina kazi. Ndiyo maana nilisisitiza kila kiini kionekane peke yake.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, kisha urudie sehemu ileile. Kazi ya kuchora imepungua kwa zaidi ya nusu. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imebanwa. Fremu zikibaki palepale, kadi haikuwa tatizo, na hata ungeweka kadi ya bei mara tatu usingeona tofauti.

Ninasema haya kwa sababu kompyuta nyingi zinazochezewa michezo Arusha na Moshi zilianza maisha yake kwenye ofisi za ng'ambo. Ni mashine imara na za bei nafuu, lakini Core i5-3470, prosesa ya mwaka 2012 yenye viini vinne, haiwezi kuilisha kadi ya kisasa katika michezo mizito ya leo. Mwenye mashine hiyo hana sababu ya kukata tamaa. Anaweza kupandisha ubora wa michoro bila kupoteza fremu, kwa kuwa kadi ina nafasi ya kutosha, na wakati huohuo ashushe mambo yanayoielemea prosesa: wingi wa watu barabarani, umbali wa kuona, idadi ya magari, ubora wa watazamaji uwanjani. Akiweka kikomo cha fremu 60 au hata 45, mchezo utakuwa laini zaidi kuliko ukiachwa upande hadi 90 na kuanguka hadi 35.

Kwa yule kijana wa Moshi, kadi ilisoma asilimia 50 hivi, viini viwili vya prosesa yake ya Core i5-9400F vilikuwa vikigonga dari, na kushusha ukubwa wa picha hakukubadilisha kitu. Lakini i5-9400F ina viini sita na si mzee kiasi hicho. Kitu kingine kilikuwa kinaikwamisha prosesa yenyewe.

Hatua ya nne: draiva

Anayetoka Nvidia kwenda AMD, au kinyume chake, anapaswa kusafisha draiva za zamani kabisa. Aliyebaki ndani ya kampuni ileile mara nyingi huweka draiva mpya juu ya zamani bila madhara, ingawa usafi haujawahi kumwumiza mtu.

Draiva moja siku hizi ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo panga bando lako. Pakua kwanza draiva mpya kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza chipu ya kadi, uihifadhi kwenye flashi, kisha upakue programu iitwayo Display Driver Uninstaller, ambayo mafundi huifupisha DDU. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, andika ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi kabla ya kuendelea, maana Windows inaweza kuudai. Kata intaneti, na usilipuuze hili, kwa sababu Windows ikiona kadi haina draiva huharakisha kujiletea yake, mara nyingi ya zamani. Anzisha Windows katika hali salama kwa kushikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza kuwasha upya, endesha DDU, uchague kusafisha na kuwasha upya, kisha uweke draiva iliyoko kwenye flashi. Ndipo urudishe intaneti.

Baada ya hapo rudia kipimo. Kijana wetu alikuwa na mabaki ya Nvidia yaliyokuwa yakijiwasha kila kompyuta inapowaka. Tuliyaondoa, na mchezo haukubadilika hata kidogo. Nililiandika hilo pia.

Hatua ya tano: RAM, mtuhumiwa asiyehojiwa

Fungua Task Manager kwa vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, uende sehemu ya utendaji, ubonyeze kumbukumbu. Utaona mambo matatu: RAM ni kiasi gani, inakimbia kwa kasi gani, na sloti ngapi kati ya zilizopo zimetumika. Kama RAM ni gigabaiti 8 na mchezo pamoja na kivinjari chenye kurasa kumi vimeijaza, Windows huanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na kama diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, utapata mikwamo ya nusu sekunde ambayo hakuna kadi duniani inayoweza kuiondoa. Kwa michezo ya leo, gigabaiti 16 ndicho kiwango ninachomshauri mtu bila kusita.

Kiasi, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Prosesa za kawaida za mezani huzungumza na RAM kwa chaneli mbili. Stiki moja ya RAM ya kizazi cha DDR4 inayokimbia kwa 2666 hubeba takriban gigabaiti 21 kwa sekunde. Stiki mbili zilizowekwa kwenye chaneli mbili tofauti hubeba kama gigabaiti 43. Mwenye stiki moja ameifungia prosesa yake mkono mmoja mgongoni. Kwa kadi dhaifu hilo halikuonekana, kwa sababu prosesa ilikuwa na muda wa ziada. Kwa kadi yenye nguvu linaonekana mara moja, tena zaidi katika zile fremu za chini kabisa kuliko katika wastani.

Hapo ndipo tulipomkuta mhalifu. Kompyuta ile ilikuwa na stiki moja ya gigabaiti 8, na kasi yake ilisoma 2133 ilhali stiki, ubao na prosesa vyote vilikubali 2666. Tulitafuta stiki nyingine ya gigabaiti 8 ya kasi ileile kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika mjini, tukaichomeka, tukarekebisha kasi kwenye BIOS (mipangilio ya ubao inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), na matumizi ya kadi yakapanda kutoka nusu hadi karibu na kikomo katika mechi ileile tuliyoipima asubuhi.

Ubao wenye sloti nne za RAM huwa unataka stiki mbili ziwekwe kwenye ya pili na ya nne kuhesabia kutoka kwenye prosesa. Mbili zilizobanana upande mmoja zinaweza kuwa kwenye chaneli ileile. Kasi iliyoandikwa kwenye stiki huwa haifikiwi mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya stiki, kwenye BIOS, au EXPO kwa stiki za DDR5 kwenye bao za AMD. Na ukitumia CPU-Z kukagua, usishtuke kuona nusu ya kasi: RAM ya 3200 husoma 1600 pale, kwa sababu programu hiyo huonyesha saa halisi, na DDR hutuma mara mbili katika kila mpigo.

Hatua ya sita: sloti

Bao nyingi zina sloti mbili ndefu zinazofanana kwa umbo lakini si kwa uwezo. Ya juu, iliyo karibu na prosesa, huwa na njia 16 za kupitishia data. Ya chini mara nyingi ina njia nne tu, na huenda zinapitia kwenye chipu ya ubao badala ya kwenda moja kwa moja kwa prosesa. PCIe, yaani mfumo wa mawasiliano wa sloti hizo, ya kizazi cha tatu hubeba karibu gigabaiti moja kwa sekunde kwa kila njia, hivyo tofauti ni kati ya gigabaiti 16 na 4. Weka kadi juu.

Kuthibitisha, fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, na usome mstari wa muunganisho. Kadi ikiwa imepumzika itaonyesha kizazi cha chini kwa sababu inabana umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, uanzishe jaribio dogo la kuchora, ndipo usome.

Zipo kadi zilizopunguzwa njia tangu kiwandani. RX 6500 XT ina njia nne pekee, zilizokusudiwa kizazi cha nne. Ukiiweka kwenye ubao wa kizazi cha tatu unapata nusu ya mawasiliano yake, na kwa kuwa kumbukumbu yake kwa kawaida ni gigabaiti 4, mchezo ukiijaza lazima data ipite kwenye mlango huo mwembamba. Mtu wa ubao wa zamani asiinunue. RX 6600 na RTX 4060 zina njia nane, na kwenye kizazi cha tatu hupoteza kidogo tu. Kadi za Intel za Arc, kwa upande wao, zinahitaji Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, iwashwe. Bila hiyo hushuka vibaya. Mpangilio huo uko kwenye BIOS pamoja na Above 4G Decoding, na hudai Windows iwe imewekwa kwa UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta. Kama diski yako iko kwenye muundo wa zamani wa MBR, ihamishie muundo mpya wa GPT kwanza kwa zana ya Windows iitwayo mbr2gpt, baada ya kunakili mafaili yako muhimu mahali pengine. Mpangilio huo pia hudai izimwe CSM, yaani hali ya BIOS ya kuwasha kwa mfumo wa zamani, na anayeizima kabla ya kufanya hivyo atakuta Windows haiwaki.

Hatua ya saba: umeme

Sloti yenyewe hutoa wati 75 tu. Kiunganishi cha pini sita huongeza 75, cha pini nane 150. RX 6600 imekadiriwa wati 132, RTX 3060 wati 170, RX 580 wati 185, na kwa kadi hizi ninataka kuona pawa saplai halisi ya wati 450 hadi 550 iliyotengenezwa na kampuni yenye jina. Boksi za ofisi za umbo dogo huja na wati 240 hivi, mara nyingi bila kiunganishi chochote cha kadi, na nyingine hutumia viunganishi vya kipekee vya kampuni yao, hivyo huwezi hata kubadilisha pawa saplai kwa ya kawaida. Mwenye boksi kama hilo abaki na kadi zisizohitaji waya wa ziada, kama GTX 1650 ya toleo la wati 75, na ahakikishe ni fupi ya kuingia.

Umeme ukipungua, dalili ya kawaida ni kompyuta kuzimika au kujiwasha upya mchezo unapochacha. Kwenye kadi za Nvidia, GPU-Z ina mstari unaoeleza sababu ya kadi kujizuia. Ukisoma "Pwr" muda wote ujue kadi imegonga ukomo wake wa umeme, jambo la kawaida kwa kadi iliyobanwa na kazi, na ukisoma "Thrm" ni joto.

Nilipofungua boksi la yule kijana nilikuta kadi imelishwa kwa adapta iliyochukua umeme kutoka kiunganishi kimoja cha SATA na kuugeuza pini nane. Kiunganishi cha SATA kimeruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, ilhali pini nane zinaahidi 150. Plastiki ilikuwa imeshaanza kubadilika rangi. Adapta hizo huuzwa kwa bei ya soda, nami ningependa zitupwe zote. Tulibadilisha pawa saplai, na hii ndiyo gharama iliyomuuma zaidi, kwa sababu haikumwongezea fremu hata moja.

Kuhusu umeme wa ukutani, wetu ni volti 230, na mitaa mingi ya Sakina, Njiro au Majengo kule Moshi inajua taa zinavyofifia jioni wakati kila nyumba inapika na kupiga pasi. Pawa saplai nzuri ya kisasa inayokubali volti 100 hadi 240 huvumilia hilo bila fremu kushuka. Yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 ihakikishwe iko kwenye 230, na isiguswe kamwe kompyuta ikiwa imechomekwa. UPS ndogo za volti-ampea 650, ambazo ndizo nyingi madukani, hutoa kama wati 360 tu. Zinaweza kulia na kukata pindi kadi mpya, prosesa na monita vikidai kwa pamoja, na mwenye kompyuta akadhani pawa saplai imekufa.

Hatua ya nane: joto na vumbi

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko pwani. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi kwa shida, lakini baridi ya Juni na Julai hulipa deni hilo na kubaki na chenji. Moshi iko chini zaidi na ina joto zaidi, hasa Januari hadi Machi. Adui wetu wa pamoja ni vumbi. Katika kiangazi vumbi hilo laini la udongo wa volkano huingia kila tundu na kuganda kwenye mapezi ya vipozaji kama blanketi.

Tazama nyuzijoto za kadi baada ya dakika 20 za mchezo. Kadi nyingi za Nvidia za vizazi vilivyopita huanza kujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 83, na prosesa nyingi za Intel hujizuia zinapofika 100. Dalili ni fremu nzuri za dakika tano za mwanzo zinazoporomoka taratibu. Toa kifuniko cha pembeni ucheze tena: joto likishuka kwa nyuzi kumi au zaidi, boksi halipumui, na feni moja ya mbele itakusaidia kuliko programu yoyote. Safisha kwa blowa ukiwa nje, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke, na ubadilishe pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa kama mashine ina zaidi ya miaka minne na haijawahi kufunguliwa.

Hatua ya tisa: kadi yenyewe

Nimeiacha mwisho kwa makusudi, lakini zipo kadi zisizo kile zinachojiita. Kuna kadi za kale za Nvidia zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. GPU-Z huzigundua nyingi na kuandika neno "FAKE" mbele ya jina. Kuna RX 580 yenye vichakataji vidogo 2,048 badala ya 2,304 vya RX 580 kamili, ambayo kwa uwezo ni RX 570 iliyovaa kanzu ya mwenzake. GTX 1060 ya gigabaiti 3 ina viini 1,152, ya gigabaiti 6 ina 1,280. GT 1030 ya kumbukumbu za DDR4 hubeba gigabaiti 16.8 kwa sekunde, ya GDDR5 hubeba 48, na kwenye boksi majina yao yanafanana. Kadi iliyotoka kwenye uchimbaji wa sarafu za mtandaoni nayo inaweza kuwa na BIOS (programu yake ya ndani) iliyobadilishwa, hivyo kasi ya saa yake haipandi ipasavyo. Nyingine zina swichi ndogo ubavuni ya kurudia BIOS ya kiwandani.

Kwa hiyo anayenunua kadi iliyotumika aende dukani na flashi yenye GPU-Z, isomwe mbele ya muuzaji kabla fedha haijahesabiwa, kisha kadi ichezeshwe kwa dakika 15 hapohapo. Muuzaji anayesema umeme hautoshi kwa jaribio hilo, mwambie utarudi kesho.